Yanga kabeba mara nne mfululizo, kuna wa kumzuia au tumekubali yaishe?

Wadau habari zenu. Naleta hoja hapa tuijadili bila matusi. Yanga kachukua Ligi Kuu Tanzania Bara 2022, 2023, 2024 na 2025, jumla kafikisha makombe 31, na kila msimu ukiisha sisi wengine tunabaki na nyimbo zilezile, mara marefa, mara ratiba, mara mdhamini wao GSM ana hela. Mimi ni Simba damu damu na msimamo wangu ni huu: Yanga anazuilika, ila sisi wapinzani wake ndo tunajibomoa wenyewe kila dirisha la usajili likifunguliwa.

Tuanze na marefa maana ndo wanaotajwa sana. Makosa yapo, sikatai, timu zote yanazikuta. Lakini hebu chukua msimu wa 2024/25, Simba tulimaliza na pointi 78, katika mechi 30 tumepoteza mbili tu. Mbili! Na zote mbili katufunga Yanga. Mikoani tulifanya kazi yetu vizuri kabisa. Ya Oktoba tukafungwa moja bila, tena bao la kujifunga, halafu ile ya tarehe 25 Juni pale uwanja wa Mkapa tuliingia sisi tuna 78 wao wana 79, yaani tukishinda tu ubingwa unakuja kwetu Msimbazi. Pacome akapiga penalti, Mzize akaongeza la pili, kombe likaenda kwao Jangwani. Ligi nzima ya miezi kumi ilikuwa mikononi mwetu dakika 90 za mwisho na tukashindwa.

Na ukiwaangalia wenzetu siku ile utaona kitu. Golini Diarra, yupo tangu 2021. Job yupo tangu Januari 2021, Bacca tangu Januari 2022, Mwamnyeto kaingia 2020. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuambiana, mmoja akipanda mwenzake keshajua wapi pa kuziba, mpira mrefu ukija kila mtu anajua ni wa nani. Kwetu kuna mabeki walikuwa hawajamaliza hata mwaka pamoja. Msimu huohuo Yanga alipitia makocha watatu, Gamondi akaondoka, akaja Ramovic, Ramovic naye akaenda Algeria, akamalizia Miloud Hamdi, na bado wakabeba. Timu gani inapitia makocha watatu msimu mmoja na inachukua ubingwa? Ni ile ambayo uti wa mgongo wake haujaguswa.

Sasa wale wanaosema utawala huu hauna mwisho, jamani mmesahau upesi. Yanga huyuhuyu alibeba 2015, 2016 na 2017, ikaonekana hana mpinzani. Mei 2017 tajiri wao Manji akaachia uenyekiti, hela ikakata, wakafika mahali pa kutembeza bakuli kwa mashabiki. Ila hela yao kukata peke yake isingetosha. Mwaka huohuo Simba tulienda Azam tukachukua Manula, Kapombe, Nyoni na Bocco, kipa, beki, mkabaji na mfungaji kwa mpigo mmoja, tukawaweka pamoja na kina Mkude na Tshabalala na tukawaacha wacheze. Tukabeba mara nne, 2018 mpaka 2021. Halafu nini kikatokea? Agosti 2021 tukawauza Chama na Luis Miquissone pamoja, yule Berkane ya Morocco, huyu Al Ahly ya Misri. Msimu uliofuata Yanga kabeba bila kufungwa hata mechi moja, katuacha pointi 13. Chama alirudi Januari lakini meli ilikuwa imeshaondoka.

Hilo la Azam ndo linanifanya niseme hoja ya hela pekee haitoshi. Azam wana uwanja wao Chamazi, wana tajiri, mishahara haichelewi, na ubingwa wanao mmoja tu, ule wa 2013/14. Walivyowaachia wale wanne 2017 waliuza ubingwa wao wenyewe, ndo ukweli. Hata 2023/24 walipomaliza wa pili, kiungo wao Fei Toto kafunga mabao 19, walikuwa nyuma ya Yanga kwa pointi 11.

Na timu ndogo? Hapa nawaheshimu sana. Novemba 29, 2022 Ihefu walimkaribisha Yanga kule Mbarali, Yanga kacheza mechi 49 za ligi hajafungwa, Bangala katangulia kufunga mapema, ukiwa unasikiliza unasema basi hamna mechi tena. Ihefu wakarudisha, wakaongeza, 2-1. Na Oktoba 2023 wakarudia matokeo yaleyale. Novemba 2024 Azam kampiga moja bila, siku tano baadae Tabora United kampiga 3-1 palepale Chamazi, Offen Chikola kafunga mawili. Kwahiyo anafungika. Lakini Chikola akaenda wapi? Msimu ulipoisha Yanga kamsajili. Hapo ndo ninapoumia, anayekuonyesha njia ya kumfunga mkubwa, mkubwa anamchukua, na timu ndogo inaanza upya kabisa, haina namna kwa sababu inahitaji hela ya kumalizia mwaka.

Timu ndogo nazielewa. Simba sielewi. Msimu ule wa 2024/25 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tumefungwa na Berkane sawa, lakini tulikuwa na kikosi kinachoanza kushikana. Kilichofuata ni beki wetu Che Malone kwenda USM Alger ya Algeria, Tshabalala, nahodha wetu wa miaka yote, kwenda Yanga (hili sijalizoea mpaka leo), na Septemba kocha Fadlu akaenda Raja ya Morocco. Tukaanza tena moja. Kisha mashabiki tunapokea wachezaji kumi wapya kwa shangwe Simba Day, siku yetu ya kutambulisha kikosi, tukidhani ndo dawa.

Kuna mtu ataniambia mpira ni biashara, mchezaji akitaka kuondoka humfungi kamba. Sawa, wawili waondoke. Lakini kipa, mabeki wa kati wawili, kiungo mkabaji na mfungaji, hawa watano mikataba yao ijadiliwe mapema kabla haijafika mwaka wa mwisho, hata kama fungu la nyota mmoja mpya wa kigeni itabidi liende huko. Mimi nipo tayari kukosa kombe hata misimu miwili nikiona watano walewale wanarudi uwanjani.

Wana Msimbazi wenzangu, na nyie wa Chamazi pia, nitajieni watano wenu ambao mkiambiwa leo hawauzwi mpaka misimu mitatu ipite mtakubali. Majina tu, na kwanini huyo.