Nataka kuwatolea wanangu hadithi, nikianza tu napotea njiani

Mjukuu wa Wete:
Wakubwa shikamooni. Bibi yangu Pemba alikuwa akitutolea hadithi kila tukimaliza kula usiku. "Paukwa!" "Pakawa!" Halafu anashuka nayo: "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa..." Sasa ni mzee sana, sauti imefifia. Nina watoto wawili hapa Dar, wa miaka 5 na 8. Nimejaribu ile ya sungura na kisima, nikaiandika daftarini na kuikariri yote. Pakawa wanaitikia kwa nguvu, lakini punde nasahau neno, nakwama, mdogo anaomba simu. Inaniuma. Nikishindwa mimi, wao watazipata wapi? Nianzie wapi?

Mama wa Tanga:
Pole mdogo wangu. Liweke kando daftari. Shika mifupa tu: ukame, wanyama wanachimba kisima, sungura anagoma, anawalaghai walinzi kwa asali mpaka wanakubali kufungwa kamba, kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kuzama majini, sungura ananata. Nyama utaitia mwenyewe, leo hivi, kesho vile. Cha kukariri ni wimbo peke yake. Huo usiuguse hata neno, maana watoto wakishaushika wataimba wao, na wewe hapo unapata nafasi ya kukumbuka kinachofuata.

Ticha wa Darasa la Tatu:
Naunga mkono. Naongeza sauti: fisi aongee puani, kobe polepole. Sungura akitia mguu majini, chubwi! Mguu wa kwanza nata, wa pili nata, mkono nata. Kisha nyamaza, uwatazame machoni. Watauliza wenyewe, "Akafanyaje?" Kimya hicho usikiogope, na tafadhali usikijaze kwa mafunzo. Nimeharibu hadithi nyingi kwa kuwahi kueleza maana.

Kijana wa Mvita:
Mrekodi bibi haraka, ndugu yangu. Mengine baadaye.

Mama wa Tanga:
Kurekodi ni vizuri, ila si siku ya kwanza. Marehemu babu yangu niliwahi kumwekea simu mbele, akaimaliza hadithi upesi kama anayetoa maelezo polisi. Usiku, wajukuu wamemzunguka, ileile haikuisha hadi wadogo wakalala. Kaa kwanza umwitikie. Hujajua kuitikia, utatambaje?

Mjukuu wa Wete:
Ahsanteni sana. Jana nilimpigia bibi, nikaweka spika, nikamwomba wimbo wa kisima. Aliuimba kwa kunong'ona, nikaitikia, akanikatiza: "Siyo hivyo." Tukarudia mara tatu hadi akaridhika. Watoto walikuwa wametulia kabisa. Alipofika kobe anapozama, akanyamaza. Mkubwa akashindwa kuvumilia: "Bibi, akafanyaje?"

"Njooni nyumbani niwaambie."

Naulizia nauli ya boti ya watu watatu.