Naomba ushauri: mbwa chotara wa kuchunga anang'ata watoto visigino

Ndugu wafugaji, nina mbwa dume wa miezi 10, chotara wa German Shepherd na Border Collie, mwenye kilo 32 na bado anakua. Watoto wakikimbia, huinamisha kichwa, huwakazia macho, kisha huwazunguka na kuwabana visigino kwa meno ya mbele bila kuwatoa damu. Naelewa kwamba hiyo ni silika ya kuswaga mifugo wala si ukali, lakini mwanangu wa miaka 4 ameanza kumwogopa, na jambo hilo linaniumiza sana. Ningemchosha kwa mbio ndefu, ila nahofia nyonga zake, kwa kuwa mifupa ya mbwa wakubwa huchelewa kukomaa. Je, nimwachishe vipi tabia hii, na mazoezi gani yanamfaa kwa sasa?