Mjadala: Suti ya umeme ya mazoezi, tulipe au tuache?

Papa wa Kampemba: Ndugu wa Lubumbashi, chumba kimoja cha mazoezi hapa mjini kimeleta suti ya umeme. Unavaa fulana iliyoloweshwa, yenye vipande vya kupitisha umeme mgongoni, tumboni, mapajani na mikononi. Mwalimu anafungua mashine: misuli inajikaza sekunde 4, inapumzika 4, na dakika 20 zikiisha unarudi nyumbani. Mara moja au mbili kwa wiki, basi. Mimi nasema ni kutupa pesa. Mke wangu anabisha, ndiyo maana nimeileta hapa.

Mama Magoti: Papa, mke wako ana haki. Nina miaka 58, magoti yameishia sokoni kwa kusimama. Nikimbie na nani asubuhi? Mimi nimeivaa mara sita, pahali pengine. Sikuinua chuma, nilikunja magoti kidogo tu, umeme ukafanya kazi iliyobaki. Mgongo hauniumi kama zamani. Labda ni suti, labda ni yule binti aliyesimama mbele yangu dakika zote akisema “mama, nyoosha mgongo”. Mwanamke wa umri wangu, nani mwingine anamwangalia hivyo? Kilichonisumbua ni aibu: nguo inabana, imelowa, na mlango wao ni wa kioo.

Mtoto wa Katuba: Heshima kwako mama, lakini kwa pesa hiyo nanunua unga wa bukari wa mwezi. Na SNEL, shirika letu la umeme, ikikata? Mimi natembea Katuba mpaka mjini kila siku, bila waya.

Muuguzi: Kijana, kwa mwenye miguu kama yako sina ubishi. Lakini wengi hapa wanaogopa umeme wenyewe, na hatari haiko hapo. Iko kwa mtu wa mara ya kwanza anayesema “ongeza, ongeza”. Misuli ikikazwa kupita kiasi huvunjika, yaliyomo humwagika katika damu, figo zinalemewa. Mkojo ukiwa mweusi kama Coca, kimbia hospitali, usingoje kesho. Ndiyo sababu wanaoanza hushauriwa mara moja tu kwa wiki kwa wiki 8 hadi 10, kwa nguvu ndogo, na maji ya kutosha. Hasa joto letu la Oktoba. Mwenye mimba, kifafa, au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiivae kabisa. Mwenye malaria apone kwanza. Ujerumani, ambako biashara hii imeenea sana, sheria inadai mwalimu awe amesomea. Hapa tunauliza bei tu.

Papa wa Kampemba: Yaya, umenigusa. Nilimwuliza yule mwalimu alijifunza wapi. Akanijibu: kwa video.

Mtoto wa Katuba: Hata mimi naweza kuwa mwalimu basi! Papa, ukitaka nikufungulie mashine, niite.

Muuguzi: Unacheka, lakini yeye ndiye anashika kile kitufe.

Mama Magoti: Mwalimu wangu alinijazisha karatasi nzima kabla ya kunivalisha. Akaniuliza kama nina mimba. Miaka 58! Nilicheka mpaka machozi.

Muuguzi: Mama, huyo usimwache.

Papa wa Kampemba: Mama, huyo binti anafanya kazi pahali gani? Mke wangu anauliza.