Tupeane uzoefu: wawili, mabegi mgongoni, siku tatu Firenze

Mtembezi_Bara:
Wakuu, msimu wa kuomba viza umeanza na wengi wanapanga kwenda wawili wawili, mke na mume, kila mtu na begi lake mgongoni. Tuweke hapa yale yanayokwamisha watu Firenze, Italia. Naanza na stesheni. Jiji lina zaidi ya moja. Ya katikati ni Firenze Santa Maria Novella, kwenye ubao wanaandika Firenze S.M.N. Kuna treni zinazosimama Campo di Marte au Rifredi, na mgeni akisikia tu neno Firenze anakurupuka na begi anashuka. Someni jina lote kwenye tiketi. Ukishuka S.M.N., kanisa kuu liko kama dakika kumi kwa miguu.

MzeeWaReli:
Hapo kwenye treni umegusa penyewe, ngoja nieleze vizuri maana ndipo faini zinapozaliwa.

Treni za mwendo kasi, Roma hadi Firenze kama saa moja na nusu, tiketi ina saa, behewa na kiti. Hiyo hugongi muhuri popote, unapanda unakaa. Treni za mkoa, kama za kwenda Pisa au Lucca, ndizo zenye mtego. Tiketi ya karatasi ya treni hizo lazima uigonge mwenyewe kabla ya kupanda, kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani au mwanzoni mwa jukwaa. Unaichomeka, unasubiri mlio, unaitoa, kisha UNAITAZAMA. Kama saa na tarehe hazijachapwa, hujagonga. Wino umeisha au mashine imekufa? Andika kwa kalamu tarehe, saa na jina la stesheni juu ya tiketi, halafu mtafute mkaguzi kabla yeye hajakutafuta.

Sasa picha ya mambo yanavyoharibika: treni inaondoka baada ya dakika mbili, mume anakimbia na mabegi mawili, mke ana tiketi mkononi, kila mmoja anaamini mwenzake kagonga. Dakika kumi baadaye mkaguzi anasimama mbele yao. Tiketi ni halali, pesa imelipwa, lakini haina muhuri, na kwake hiyo ni sawa na kutokuwa na tiketi. Faini ni ya kila kichwa, kwa hiyo wawili ni mara mbili. Kusema "sisi ni wageni" hakusaidii, anaisikia sentensi hiyo kutwa nzima. Mkabidhi mtu mmoja kazi ya kugonga, iwe yake safari nzima.

Kipepeo88:
Mzee, karatasi ya nini zama hizi? Nunua kwenye simu, yameisha.

MzeeWaReli:
Hayajaisha, Kipepeo. Tiketi ya simu ya treni ya mkoa nayo hadi 2025 ilikuwa na hatua yake, ulilazimika kubonyeza kuithibitisha kabla ya kupanda; someni masharti yaliyopo sasa. Na simu ikizima chaji mbele ya mkaguzi utaikumbuka karatasi.

Kipepeo88:
Chaji ni suala la kubeba pawabanki. Nabaki na msimamo wangu.

BintiPangani:
Naunga mkono karatasi. Tuendelee.

La kwangu ni namba za nyumba, naona hakuna aliyeligusa. Firenze ina namba za aina mbili kwenye mtaa mmoja. Nyekundu ni za maduka na migahawa, na kwenye anwani zinafuatwa na herufi r, mfano 24r. Nyeusi au bluu ni za makazi. Mfuatano ni tofauti kabisa, kwa hiyo 24 na 24r zinaweza kuachana mbali, mtaa huohuo. Nyumba nyingi za wageni ziko ghorofani kwenye majengo ya makazi, yaani namba nyeusi. Mtu na kilo kumi na mbili mgongoni anasimama mbele ya duka la viatu anabonyeza kengele isiyo yake.

Jingine: mapokezi watataka pasipoti halisi za wote wawili, siyo picha kwenye simu, kwa sababu sheria inawadai wapeleke taarifa za mgeni polisi. Na kuna kodi ya mgeni, kwa kila mtu kwa kila usiku, hadi usiku saba. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Tengeni pesa yake.

Fundi_Ramani:
Begi. Jumba la Accademia, ilipo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, halina mahali pa kuhifadhi mizigo, na begi kubwa haliingii. Maji yasizidi nusu lita. Watu wanabuki tiketi ya saa nne asubuhi, wanahama chumba saa tatu, wanakwenda moja kwa moja na mashanta, wanarudishwa mlangoni na muda wao unapita. Dawa ni kuacha begi pale mlipolala, wengi wanakubali hata baada ya kukabidhi chumba, au sehemu ya kulipia pale stesheni. Halafu ndiyo uende ukaangalie jiwe la mita 5.17 lililochongwa kuanzia 1501 hadi 1504 bila kitu kinachokukata mabega.

Na msipange makumbusho Jumatatu! Uffizi, lile jumba la michoro, na Accademia zote zimefungwa siku hiyo.

Kidoti:
Jumapili ya kwanza ya mwezi Uffizi ni bure. Nendeni siku hiyo.

Fundi_Ramani:
Kidoti, usiwapeleke watu huko. Bure hiyo mnailipa kwa saa za foleni. Mwenye siku tatu tu abuki mapema, alipe na ada ya kubuki, aingie saa 2:15 asubuhi wanapofungua.

Kidoti:
Kwa bajeti ya begi mgongoni, tiketi mbili za Uffizi ni chakula cha siku nzima. Kila mtu na mfuko wake.

Mtembezi_Bara:
Wote mna hoja. Kuba la kanisa kuu je?

MamaKuba:
Kuba la Brunelleschi, lililojengwa 1420 hadi 1436, lina ngazi 463, hakuna lifti, na muda wako haubadilishwi. Ukichelewa umepoteza. Njia ni nyembamba, inapita katikati ya kuta mbili za kuba, la ndani na la nje, na kuelekea juu ukuta unaanza kukuinamia kichwani. Katikati ya safari unatokea kwenye ukumbi mwembamba wa duara, chini kidogo ya michoro ya Hukumu ya Mwisho, na hapo mashetani yako karibu hadi unaona mapigo ya brashi. Mwenye presha, mwenye hofu ya kubanwa, asipande. Mkifika katikati mmoja akashindwa, kugeuka ni shida maana nyuma kuna watu.

Kipepeo88:
Mnara wa kengele wa Giotto, pembeni ya kanisa hilohilo, ni bora. Ngazi 414, kuna vituo vya kupumzika, na ukifika juu unaliona kuba lenyewe. Ukiwa juu ya kuba, kuba hulioni.

MamaKuba:
Aliyepita ndani ya zile kuta mbili hawezi kusema hivyo. Lakini kwa mwenye pumzi fupi, nakubali, mnara.

BintiPangani:
Dada zangu, bebeni kanga. Kanisani mabega na magoti yafunikwe, kaka zetu pia. Usiku inakuwa taulo kwenye hosteli zinazokodisha taulo, na kwenye kitanda cha chini cha ghorofa unaichomeka inakuwa pazia.

Ustadh_Mapishi:
Chakula. Lampredotto ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa na nyanya, kitunguu na seleri, linakatwakatwa na kuwekwa kwenye mkate. Wapenzi wa supu ya utumbo mtajisikia nyumbani. Mwambie muuzaji "bagnato", atachovya mkate kwenye supu. Mkate wao hauna chumvi, haujaharibika, ndivyo walivyo.

Kwa Waislamu: kwa kawaida nyama hiyo si ya kuchinjwa kwa utaratibu wetu. Kuleni pappa al pomodoro, supu nzito ya nyanya na mkate, au mkate bapa wa schiacciata na jibini, na muulize "senza maiale, senza strutto", yaani bila nguruwe wala mafuta yake. Mgahawani coperto ni malipo ya kukaa mezani, kwa kila mtu. Kahawa mnywe mmesimama kaunta, mezani bei inapanda.

Kidoti:
Na msikae kula kwenye vibaraza vya Via de' Neri. Mwaka 2018 jiji lilitoa amri ya kupiga faini mitaa ile saa za chakula.

Shahidi_wa_Arno:
Mmetaja Via de' Neri, basi lazima niliseme hili. Karibu na hapo kuna kona ya Via San Remigio. Inueni macho. Kuna jiwe la zamani lenye mkono uliochongwa, kidole kinagusa mawimbi: maji yalifika hapa 4 Novemba 1333. Juu yake kuna jiwe jingine: 4 Novemba 1966. Tarehe ileile, miaka 633 baadaye, na maji yalikwenda juu zaidi.

Mwaka 1966 ilikuwa sikukuu ya taifa, maduka yamefungwa. Usiku walinzi wa Ponte Vecchio, daraja lenye maduka ya dhahabu, waliwapigia simu masonara, waliowahi wakaokoa dhahabu yao. Alfajiri mto Arno ukaingia mjini. Mitaa ya kanisa la Santa Croce iko chini, na huko maji yalipita mita sita. Matangi ya mafuta ya kupashia joto yalikuwa kwenye vyumba vya chini, yamejazwa kwa ajili ya baridi. Yakapasuka, mafuta yakaelea, kila ukuta ukabaki na mstari mweusi. Msalaba wa kanisa hilo, uliochorwa na Cimabue, mchoraji wa zamani, ulipoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Vijana kutoka nchi nyingi walikuja kutoa vitabu kwenye tope la maktaba ya taifa, mkono kwa mkono, wakaitwa malaika wa tope.

MamaKuba:
Mita sita! Tulikuwa tunabishana ngazi.

Kipepeo88:
Msalaba uko wapi sasa? Unaonekana?

Shahidi_wa_Arno:
Santa Croce penyewe, umetundikwa juu. Mapengo ya rangi yanaonekana, waliyaacha yaonekane.

BintiPangani:
Nimeisoma mara mbili hii. Endelea kaka, ongeza.

MzeeWaReli:
Jamani, kuna watu wanasubiri viza. Ada ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue euro 30,000, na ombi lipelekwe si chini ya siku 15 kabla. Kila mmoja na fomu yake. Kama mmoja ndiye anayelipa, ambatanisheni cheti cha ndoa.

Mtembezi_Bara:
Shukrani. Siku ya tatu tunakwenda mji jirani wa Siena, treni au basi?

Fundi_Ramani:
Basi, 131R, kama saa moja na robo, linawashusha karibu na mji mkongwe. Treni inawaacha bondeni chini ya mji.