Amri ya matunzo ninayo, fedha haziji: serikali inasaidia wapi?

Mama wa Majengo, Moshi
Habari zenu. Mahakama ilimwamuru baba wa wanangu wawili atoe fedha za matunzo kila mwezi, lakini tangu mvua za masika zianze hajatuma chochote na simu hapokei. Afisa ustawi wa jamii alimwita, akaja, akaahidi, mambo yakaishia hapo. Je, kuna chombo cha serikali cha kumbana alipe, au nitaendelea kumfuata mwenyewe?

Msaidizi wa sheria, Arusha
Pole sana, dada. Afisa ustawi hupatanisha na huiandikia mahakama taarifa ya hali ya watoto, ila hana mamlaka ya kugusa mshahara wala mali ya mtu. Mamlaka hayo ni ya mahakama, nayo haianzi mpaka mwenye amri aombe. Kwa hiyo rudi mahakama ileile ukaombe kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kutimiza amri, ukiambatisha nakala ya amri, orodha ya miezi isiyolipwa na taarifa ya miamala ya simu yako, kwa sababu hapo hakimu ataona wazi mwezi aliotuma na mwezi aliokaa kimya. Kama ameajiriwa, omba mwajiri aamriwe kukata fedha hizo kabla mshahara haujamfikia. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, ulizia halmashauri.

Mpandisha wageni, Moshi
Kwenye mshahara ndipo penye ugumu. Wengi wetu tunaopanda Kilimanjaro tunalipwa safari kwa safari, na masika wageni hupungua sana. Hata hivyo, asiye na kazi kweli aende kwa hakimu aombe kiwango kibadilishwe; kuzima simu hakuwalishi watoto.

Mwalimu, Arusha
Kinachoniuma ni kwamba mzigo wote wa kufuatilia unabaki kwa mama. Uingereza kuna idara ya serikali inayoweza kumwagiza mwajiri akate fedha za matunzo, bila mama kufungua maombi mapya kila baba anapokaidi. Kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutamka vizuri wajibu wa mzazi, lakini ukusanyaji haujapewa mwenyewe. Wabunge wetu waulizwe hilo.

Mama wa Majengo, Moshi
Asanteni. Kampuni inayompa safari naifahamu. Niitaje?

Msaidizi wa sheria, Arusha
Itaje kwa jina kamili na mahali ilipo, uombe fedha anazoidai zizuiwe. Hakimu ataamua.