Bibi wa bustani ametutoka: miche yake tuifanyeje, na arobaini ni Januari?

Mwanamtaa (Tanga)
Wakuu salaam. Mtaani kwetu tumempoteza bibi aliyekuwa akitunza bustani ya zahanati kwa kujitolea na kuipa shule ya msingi miche bure. Ameacha viriba (mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche) kama 200: mikangazi, mizambarau, miarobaini na mivule michache. Mingine imeshazamisha mizizi ardhini. Arobaini inaangukia katikati ya Januari, na kamati inataka siku hiyo upandwe mti wa kumbukumbu pale zahanati, kisha usomwe wasifu wa marehemu. Mti gani unafaa? Na hiyo miche mingine?

Fundi Kitalu
Poleni sana kwa msiba. Anzeni na viriba, mti wa kumbukumbu utasubiri.

Msivute. Ukivuta kiriba kilichozamisha mizizi, mzizi mkuu unakatikia ndani na mche unanyauka siku ya pili. Mwagilieni jioni, inueni kiriba taratibu upande mmoja, kateni mizizi iliyotokeza chini kwa mkasi mkali. Punguzeni na majani ya chini, kama theluthi, maana mizizi iliyobaki haina nguvu ya kuyanywesha yote. Kivulini wiki mbili, maji asubuhi na jioni. Yakichipua majani mapya, anzeni kupunguza kivuli na maji kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne ili miche ikomae. Wa sentimita 30 hadi 50, shina limeanza kuwa la kahawia, huo uko tayari kwenda shambani.

Sasa Januari. Hapo vuli imekwisha na masika ni mpaka Machi. Kupanda siku ya arobaini ni kuutia mti kwenye jua la miezi miwili. Siku hiyo chimbeni shimo, someni dua, basi. Mti uingie mvua ikishalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini.

Shimo ni sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu wekeni kushoto, wa chini kulia. Wa juu changanyeni na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Ikiwa bado ina joto ukiingiza mkono, itaunguza mizizi. Huo ndio unaotangulia shimoni. Chaneni kiriba chote mkitoe (wapo wanaozika mche na nailoni yake!), na mizizi iliyojizungusha chini ikatwe, la sivyo itajinyonga yenyewe baada ya miaka michache. Shingo ya mche (pale shina linapokutana na mizizi) ilingane na ardhi.

Binti Pangani
Kuhusu aina: wengi watasema mwarobaini kwa sababu ya jina na arobaini. Unastahimili ukame kweli, ila ndege husambaza mbegu zake na pwani hii umeshakuwa kero. Saadani umevamia hifadhi. Mvule ni mzuri lakini mche wake hushambuliwa na vidudu vinavyofanya vinundu kwenye majani na vichipukizi, hasa ukisimama peke yake juani. Mkangazi nao una kiwavi anayetoboa kilele, mti unaota matawi mawili badala ya shina moja. Hapo kata tawi dhaifu mapema.

Mimi ningechagua mzambarau. Wagonjwa wanapata kivuli. Mita 8 kutoka ukutani na mbali na njia, zambarau zikidondoka huchafua sakafu na nguo.

Katibu Mstaafu
Naongezea wasifu. Kurasa mbili za daftari zinatosha. Jina, alikozaliwa, wanawe, kisha kazi yenyewe: alianza bustani mwaka gani, maji aliyatoa wapi, nani alimsaidia. Msiandike "alipanda maelfu ya miti". Nendeni zahanati na shuleni mkahesabu iliyo hai leo, muiandike kwa aina. Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, kina mama walilipwa kwa mche ulioshika, si uliopandwa tu. Na alipofariki 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Kwa hiyo kibao cha jina kisipigiliwe misumari kwenye mti. Mwageni kinguzo cha zege, saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, kikae mita moja kutoka shinani.

Mwanamtaa (Tanga)
Ahsanteni. Tumekubaliana mzambarau, mwezi wa tatu. Miche mingine shule inaomba ipande vilevile. Mbuzi ni wengi.

Fundi Kitalu
Mbuzi: fito nne na matawi ya miiba, kimo cha kifua. Mchwa: matandazo (nyasi au majani ya kufunika udongo) yasiguse shina, acheni kiganja kizima.

Shule ndiyo yenye mtego. Inafunga Juni, halafu Desemba hadi Januari, na likizo hiyo ya pili ndiyo inayoua miche kwa sababu inakutana na kiangazi. Gaweni kwa majina ya walio jirani na shule, kila mmoja miche 10, lita 20 kwa mche mara mbili kwa wiki. Msiandike "wanafunzi watamwagilia". Na kabla ya kugawa, ulizeni nani ana ufunguo wa bomba.