Mrejesho: Mwalimu mstaafu, uchoraji na gharama za sukari

Wadau, habari zenu. Niliwauliza kama mstaafu mwenye sukari na presha anaweza kuongezea pensheni kwa kuchora picha za Tingatinga, zile za wanyama zenye rangi kali, maana vibanzi vya kupimia sukari nanunua kwa fedha yangu.

Inalipa, ila kwa misimu. Julai na Agosti wageni wanajaa na picha zinatoka. Masika, Aprili na Mei, biashara inalala kabisa. Kwa hiyo fedha ya msimu ikiingia, dawa za kuvukia masika zinanunuliwa kwanza. Vibanzi angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kuweka akiba.

Aliyenishauri nichore ndogo, Mungu ambariki sana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya mafuta. Mtalii wa leo anataka kitambaa cha kuviringisha kikaingia begini. Chui wa ukubwa wa daftari anatoka haraka kuliko tembo wa ukutani. Rangi ile ina harufu kali, hivyo nachorea barazani, na vidoti vya chui navimaliza asubuhi macho yakiwa hayajachoka.

Mali kauli, yaani kuacha picha dukani ulipwe baadaye, nimeacha. Kuna duka lilichukua picha zangu na mpaka leo nalidai. Mtu mgonjwa hawezi kusubiri deni. Sasa ni nusu mkononi, nusu kwa maandishi.

Kilichobaki ni miwani. Mwenye kumjua fundi wa bei nafuu Kariakoo anielekeze.